Flashi kwa mkulima

Nanenane yangu ya kwanza kama afisa masoko nilienda Morogoro na maboksi matatu, moja flashi, moja tisheti nyeupe, moja peni. Kampuni ilikuwa inauza mbegu na dawa za shambani, jina siitaji maana nilishaondoka na hatudaiani. Zile flashi zilikuwa nzuri jamani, za chuma, logo imechorwa kwa leza, bosi mwenyewe alizipenda mpaka akatia nne mfukoni kabla hatujatoka Dar. Nikazipanga mezani kwenye banda, mistari imenyooka kama gwaride, nikajiona kazi nimemaliza.

Mida ya saa nne akaja mzee mmoja, koti la zamani, viatu vyekundu kwa vumbi. Kasikiliza habari ya mbegu mwanzo mwisho na maswali aliyouliza yalikuwa ya mtu anayelijua shamba, kunizidi mimi kwa kweli. Nikamuaga na flashi. Akaigeuza huku, akaigeuza kule.

"Mwanangu, hiki kinachomekwa wapi?"

"Kwenye kompyuta, babu."

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kukusitiri, akasema haya ahsante, nitampelekea mjukuu, akaitia mfuko wa shati akaenda zake. Banda la tatu kutoka letu walikuwa wanagawa kofia za pama, zile za ukingo mpana, foleni mpaka barabarani, na ukizunguka viwanja siku ile kila kichwa cha pili kina jina lao. Sisi jina letu lilikuwa kwenye mifuko ya mashati ya watu ambao kompyuta ya karibu iko kwenye steshenari ya wilayani.

Jioni nikakaa juu ya boksi nikapiga hesabu. Bei ya flashi moja ingenunua kofia mbili na chenji ya maji inabaki. Sikulala vizuri.

Saivi nimejiajiri na kazi yangu kubwa ni hiyohiyo, maofisi yananitafuta niwatafutie vitu vya kubrandi wakagawe, na kila anayepiga simu anaanza na swali moja, "dada una nini kipya?" Mi sina kipya wala sitafuti kipya. Ninachouliza ni kwamba huyo unayetaka kumpa anaamka saa ngapi, na akiamka anashika nini. Mama ntilie anashika mwiko na aproni. Bodaboda anashika ufunguo na simu. Mwalimu anashika peni nyekundu. Ukishajua anachoshika, weka jina lako hapo, basi. Wengi hawapendi swali hili maana wanakuwa wameshaamua, wameona pauabenki kwenye mkutano hotelini na wanataka zao.

Ngoja nimalizie habari ya wakulima kwanza.

Mwaka uliofuata bwana shamba wetu, mtu mkimya sana ambaye kwenye vikao hakuna anayemuuliza kitu, akasema kwanini tusigawe kamba. Watu wakacheka, kamba ya nini, ya kujinyongea? Akaeleza. Mahindi yanataka nafasi, sentimita 75 kutoka mstari hadi mstari na 30 kutoka shina hadi shina ukiweka mbegu moja moja, au 60 ukiweka mbili mbili, ukifuata hivyo unapata mimea kama elfu 44 kwenye hekta. Wakulima wengi wanapima kwa hatua, na hatua ya baba sio hatua ya mtoto, kwa hiyo shamba upande huu mahindi yamebanana kama abiria wa Mbagala, upande ule unaweza kupaki lori, halafu mavuno yakiwa mabaya lawama zinakuja kwenye mbegu. Kwetu.

Tukatengeneza. Kamba ya manila, alama ya rangi nyekundu kila sentimita 30, kila ncha ina mti wa kuchomeka ardhini, na ile miti yenyewe imekatwa sentimita 75 kamili ili ukimaliza mstari mmoja unailaza chini kupima mwingine. Jina la kampuni na namba ya simu vimechomwa kwenye mti kwa chuma cha moto kama tunavyochoma alama ng'ombe. Fundi seremala wa mtaani ndio alifanya, hakuna meli wala China wala nini. Ukilinganisha na flashi ilikuwa kama bure.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kamba haitumiki na mtu mmoja. Baba anashika ncha hii, mama ile, watoto katikati wanachimba, jirani akiona anakuja kuazima, na jirani akiazima anasoma mti. Simu zikaanza kuingia kutoka vijiji ambavyo hata wakala hatukuwa nao. Na malalamiko ya mbegu yakapungua, maana sasa mbegu ilikuwa inapandwa inavyotakiwa. Yani ile zawadi ilikuwa inatangaza na wakati huohuo inalinda bidhaa yenyewe, sijapata tena kitu kama hicho mpaka leo. Mzee wa flashi sikumuona tena.

Sasa tisheti. Zile nyeupe nilizoenda nazo, kwanza nyeupe kwenye vumbi la Agosti, pili tuliagiza zote XL kwa sababu bosi alisema kubwa inamtosha kila mtu (haimtoshi kila mtu, inampwaya kila mtu), tatu mgongoni tulijaza kila kitu, slogani, namba tano za simu, sanduku la posta, picha ya hindi. Miezi kadhaa baadaye naingia duka la mteja wetu mmoja wa pembejeo, nikasikia mguu umekanyaga kitu laini pale mlangoni, natazama chini, tisheti yetu. Imekunjwa vizuri kabisa, hindi juu. Mwenye duka akaona nimeona, tukazungumza habari za mvua.

Na sikumlaumu. Kitambaa kilikuwa poliesta nyepesi, ukiivaa saa sita mchana unajisikia umefungwa kwenye nailoni, na mtu mzima hawezi kuivaa kanisani wala msikitini wala hata kwenda kumuona mkwe akiwa amebeba bango mgongoni. Saivi mteja akitaka tisheti namwambia pamba, au pamba iliyochanganywa lakini pamba iwe nyingi, uzito usishuke chini ya gramu 160 kwa mita ya mraba, watu wa printi wanaita jiesiemu, logo ndogo kifuani upande wa moyo, mgongo uache mtupu. Wanalalamika, "sasa nani ataiona?" Ataiona yule anayekutana na mvaaji kila siku kwa miaka mitatu. Bango la mgongoni linaonekana siku moja, siku ya kugawa.

Saizi kwenye tisheti mia mi naweka M na L ndio nyingi, XL ishirini hivi, S kumi, na XXL chache usizisahau maana mwenye mwili mkubwa ukimkosesha saizi yake mbele za watu umemuumiza, na hatosahau ni kampuni gani. Halafu chukua sampuli ukaifue. Ifue mara tatu kwa sabuni ya unga, uianike juani, ndio uone logo inabaki au inapasuka kama udongo wa kiangazi. Skrini printi ikikaushwa vizuri kwa moto inadumu miaka, lakini fundi mwenye haraka anaruka hapohapo kwenye kukausha, na wewe hutajua mpaka watu wafue.

Halafu rangi. Bongo rangi ina wenyewe. Tisheti nyekundu ukimpa mtu wa Yanga atakushukuru kwa heshima na atampa shemeji yake, ya kijani na njano mtu wa Simba hivyohivyo, na hiyo kijani na njano mwaka wa uchaguzi watu hawakuulizi tena unauza nini, wanajua wewe ni CCM. Niliwahi kuwa na mteja ambaye rangi rasmi za kampuni yake ni kijani na njano, uchaguzi umebaki miezi miwili, anataka kofia elfu moja. Nilimwambia subiri. Hakusubiri. Baadhi ya maeneo watu walizikataa na maeneo mengine wakaziomba nyingi sana, na wote kwa sababu isiyomhusu.

Vyama vyenyewe hii sayansi vinaijua kuliko sisi watu wa masoko. Kila miaka mitano wanatoa tisheti, kofia na kanga, na kanga ndio inayobaki. Tisheti ya kampeni utaikuta imekuwa nguo ya kulimia, lakini kanga ya uchaguzi wa zamani bado inabebea mtoto, inafunika maandazi, imetandikwa kitandani. Ukitaka kitu cha kumpa mwanamke wa pwani au wa popote Tanzania ambacho hatakitupa, ni kanga, leso kama wenzetu wa Mombasa wanavyosema, na bado makampuni yanaharibu. Wanaharibu sehemu mbili.

Ya kwanza, wanatoa kipande kimoja. Kanga ni doti, viwili, kimoja cha kujifunga kimoja cha kujitanda. Ukimpa kipande kimoja umempa nusu ya nguo na atakiweka kwenye kundi la vitambaa vya kazi. Najua bajeti ni bajeti lakini bora watu mia wapate doti kuliko mia mbili wapate nusu nusu.

Ya pili ni jina. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maneno pale chini, na jina ndio roho yake, mwanamke anasoma jina kabla hajaangalia ua. Sasa meneja masoko anakaa ofisini kwenye kiyoyozi anaandika jina la kanga HUDUMA BORA KWA WATEJA WOTE. Nani atavaa hiyo? Amtume nani ujumbe? Kanga inayovaliwa ni ile inayosema jambo, NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, hapo mtu anapita mbele ya nyumba ya mbaya wake mara mbili na hana hata shughuli huko. Au JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, ya kumaliza mwezi. Nawaambia wateja jina liacheni liwe la akina mama, logo yenu iwekeni ndogo kwenye kona ya pindo, itaonekana. Mmoja tu ndio alinielewa, taasisi ndogo ya mikopo. Alienda kuwauliza wanakikundi wenyewe wachague jina, walibishana wiki nzima, na walichochagua siwezi kukiandika hapa maana kina mtu wanamlenga. Kanga zile mpaka leo nakutana nazo.

Kwa watu wa biashara ndogo kazi ni rahisi zaidi, mitandao ya simu ilishatuonyesha njia. Mwavuli wa wakala wa pesa, yule dada anakaa chini yake toka asubuhi mpaka giza, na ule mwavuli hautangazi tu, ndio ofisi yake, ukiutoa hana pa kukaa. Reflekta ya bodaboda vilevile, anaihitaji usiku aonekane, na traffiki akimsimamisha anayo. Aproni ya mama ntilie iwe na mfuko mkubwa mbele wa hela na rangi iwe ya kuficha mchuzi, tafadhali, nyeupe ni ya mpishi wa kwenye televisheni.

Na walimu, nimeshasema, peni nyekundu. Nilikaa miaka nikigawa peni za bluu mashuleni mpaka mwalimu mmoja akaniambia, dada hizi za bluu tunashukuru, ila madaftari 90 kwa siku tunasahihisha kwa nyekundu na tunanunua wenyewe. Tangu hapo.

Kuna kitu watu wa mjini wamekidharau, kalenda. Wanasema nani anaangalia kalenda ya ukutani wakati simu ipo. Njoo nyumbani kwetu uone. Mama yangu ana simu nzuri tu, lakini kalenda iko pale pembeni ya mlango wa jikoni imefungwa na peni kwa uzi, na imeandikwa kila mahali. Siku ya kikoba. Siku aliyokopesha jirani na kiasi gani. Siku kuku alipoanza kuatamia, anahesabu 21 mbele anaweka duara. Kliniki ya mjukuu. Kampuni iliyotoa ile kalenda (duka la vifaa vya ujenzi, hawajui hata kama mama yangu yupo duniani) inatazamwa kila siku ya Mungu kwa mwaka mzima, na mama alipojenga choo aliwapigia wao kwa sababu namba ilikuwa usoni kwake.

Lakini kalenda nayo ina ufundi wake. Tarakimu ziwe kubwa, bibi azione kutoka kwenye kiti chake. Kila siku iwe na kinafasi cha kuandika. Karatasi isiwe ya kung'aa kiasi kwamba peni inateleza, hili kosa ni la kila mwaka, watu wanaweka lamineshi nzito wanaona wamefanya cha maana kumbe wamezuia kuandika. Weka tarehe za Kiislamu pembeni, ndogo, utapendwa Tanga na Zanzibar na Kigoma na kila mahali. Sikukuu zote ziwemo, Mapinduzi Januari 12, Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, mpaka Uhuru Desemba 9 na ile Desemba 26 ambayo wengine wanaisahau, na kwenye Idi andika inategemea mwandamo wa mwezi usijifanye unajua. Picha ya mkurugenzi usiweke. Najua atataka. Nimeshawahi kuona kalenda yenye picha ya mkurugenzi kila mwezi, kumi na mbili, suti tofauti, na kwenye nyumba niliyoiona walikuwa wamegeuza wanatumia upande wa nyuma kufungia karanga.

Na kalenda ina tarehe ya kufa. Ikifika Januari 20 bado iko stoo kwako umegawa hasara, kila mtu ameshatundika ya mwingine. Kwa hiyo oda ifanyike Septemba au Oktoba, sio Desemba ambapo mashine zote za Kariakoo zimejaa na fundi anakuambia "kesho" kwa wiki tatu. Diari hivyohivyo.

Ngoja niseme aibu yangu nyingine hapahapa. Kalenda elfu moja, nzuri, karatasi safi, nimeshagawa kama mia sita, ananipigia dada wa mapokezi, "hivi ile namba kwenye kalenda mbona inaita kwa mtu wa kuuza samaki Mwanza?" Tarakimu mbili zimebadilishana. Nilisoma prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, mara nne na sikuona, maana jicho linasoma linachokijua. Siku hizi prufu ikija sisomi namba, naipiga. Nachukua simu naangalia kwenye prufu nabonyeza tarakimu moja moja, nasubiri ipokelewe. Yule kaka wa samaki tuliishia kufahamiana, alikuwa mstaarabu, aliwajibu watu wengi sana kwa niaba yetu.

Saa za ukutani. Zawadi nzuri, inakaa miaka, maofisini na zahanati na masaluni zimejaa. Ila weka betri! Ni betri moja tu ya kidole. Saa ikitolewa bila betri inatundikwa hivohivo kwa sababu ukuta ulikuwa mtupu, inakaa imesimama saa nne na dakika kumi, na chini yake jina lako. Kila anayetazama anasoma jina lako pamoja na uongo.

Pauabenki sizipendi lakini wateja wanazitaka kwa hiyo nimejifunza. Imeandikwa elfu 10 miliampia-saa (mAh), hizo ni za betri ya ndani yenye volti 3.7, simu inapokea volti 5, ukipiga hesabu inashuka mpaka elfu saba na mia nne, halafu kuna inayopotea kama joto njiani, kwenye simu inafika elfu sita na kitu. Hiyo ni ya ukweli. Ya uongo ni nyingine, mteja mmoja aliagiza za bei poa, wiki ya pili malalamiko, tukampa fundi simu afungue moja, ndani betri moja ndogo na nafasi imebaki ya kuweka njugu. Na zile flashi za GB 64 za bei ya kutupa ni familia hiyohiyo, kompyuta inasoma 64 lakini ndani ni 8, ukijaza picha za harusi ya mtu zinaharibika, na logo ni ya nani? Yako. Kitu cha umeme kama huwezi kununua kizuri usinunue kabisa, nunua kitu kisicho na umeme.

Mifuko inatakiwa posti yake peke yake. Waziri Mkuu alitangaza bungeni Aprili 2019 kwamba kuanzia Juni 1 mifuko ya plastiki marufuku, na kuna kampuni naijua ilikuwa imepokea shehena ya mifuko ya plastiki yenye logo mwezi uleule. Kenya walishatangulia, Agosti 2017, kwa hiyo aliyekuwa anasoma magazeti alikuwa na taarifa. Ikaja ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, na hiyo nayo ina masharti, isiwe chini ya gramu 70 kwa mita ya mraba, lakini mitaani ile myepesi bado watu wanakuuzia. Ukiiacha juani inakuwa unga, unaigusa inakubakia mkononi. Mi siku hizi mteja mwenye wageni wa heshima namshauri kikapu cha ukindu, kinasukwa na akina mama, unaning'iniza kipande kidogo cha ngozi chenye jina. Bei iko juu ya mfuko ndio, lakini mtu anakwenda nacho sokoni miaka, na hakuna aliyewahi kuona aibu kubeba kikapu kizuri.

Kitu ambacho hakuna anayekisema ni kwamba vizawadi vingi havifiki kwa mteja. Vinaishia ofisini. Boksi la miavuli linafika Jumatatu, Jumanne uhasibu wamechukua kumi, dereva mitatu, bosi ana shemeji zake, jamaa wa IT anasema anajaribu moja kama inafunguka, na Ijumaa yule wakala wa Kibaha aliyeuza kuliko wote anapewa peni. Dawa yangu ni kuagiza za ofisi peke yake, rangi tofauti kabisa, na zinafika siku mbili kabla, watu wakishashiba hawagusi zile nyingine sana. Na kitabu cha kusaini. Kwenye kitabu watu wanakuwa na adabu ambayo hukuijua kuwa wanayo.

Kingine ni malipo, fundi anataka nusu au zaidi mwanzoni na ana haki maana vitambaa na inki ananunua keshi, ila usimalizie kabla hujafungua maboksi ukahesabu na kuangalia ya chini kabisa. Ya juu daima ni nzuri.

Saivi nina oda ya miavuli mikubwa ya mawakala, 120, na mafundi wawili wamenipa sampuli. Nimeisimika yote miwili nje uwani kwangu toka Jumamosi kwenye huu upepo wa kusi, nimeimwagia ndoo ya maji asubuhi na jioni, majirani wanadhani nafungua biashara ya chipsi. Wa bei ya chini umeshavunjika mbavu mbili na rangi inachuruzika kwenye mtungi wa maua. Wa pili bado umesimama, ila fundi wake kanipigia leo anasema bei aliyonipa alikosea.